Nani Anauangalia Ubongo?

Hotuba kwa wastaafu na familia zao, Dar es Salaam. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wangu, shikamooni. Nanyi vijana mliowasindikiza wazazi, na wauguzi wenzangu niwaonao pale nyuma mmetoka zamu ya usiku moja kwa moja, asanteni kwa kuja. Mwenyekiti aliniomba nizungumzie upasuaji wa moyo. Nitauzungumzia, ila nitamsikitisha kidogo, maana nimekuja kwa ajili ya ubongo: kifaa kinachopima oksijeni yake wakati wa upasuaji, na kuchanganyikiwa kunakowapata wazee baadaye.

Hebu tuanze na swali. Mzee anaingizwa chumba cha upasuaji kwa sababu ya moyo. Daktari bingwa anaangalia moyo. Mashine zinaangalia moyo. Ndugu waliokaa kwenye benchi nje, kila mlango ukifunguliwa wanasimama kuuliza habari za moyo. Na ubongo je? Nani anauangalia ubongo?

Nawauliza nyinyi kwa sababu mambo yamebadilika. Zamani ukisikia mtu anakwenda kupasuliwa moyo, ulijua anapanda ndege kwenda India. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza hapa nchini mwaka 2008, pale Muhimbili, na leo tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Wagonjwa wengi wa ukanda huu wamekuwa vijana, watu ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Lakini sasa wanakuja pia wazee wa presha na kisukari, mishipa ya moyo imeziba, umri miaka sitini na kitu, sabini. Mzee wa sabini hapasuliwi kama kijana wa ishirini. Moyo unaweza kutengenezwa vizuri kabisa, halafu siku ya pili akakutazama wewe mwanawe wa kumzaa akakuuliza, "Wewe nani?"

Hilo la "Wewe nani?" ndilo lililonileta.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, Marekani, daktari aitwaye John Gibbon alimpasua binti wa miaka 18 aliyekuwa na tundu moyoni. Gibbon alikuwa ameihangaikia mashine yake tangu miaka ya thelathini, baada ya kukesha na mgonjwa aliyekufa kwa bonge la damu mapafuni huku yeye akimtazama tu. Siku ile, kwa dakika 26, moyo na mapafu ya yule binti havikufanya kazi. Mashine ilipokea damu, ikaitia oksijeni, ikairudisha mwilini. Binti akapona. Mpaka leo, upasuaji mwingi wa kufungua moyo unategemea wazo lile lile.

Sasa sikilizeni vizuri. Ubongo ni kama asilimia mbili tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia ishirini ya oksijeni yote. Ni mlaji mkubwa na hana akiba. Moyo ukisimamishwa, mlaji huyu anategemea mashine, na anamtegemea mtaalamu anayeiendesha.

Tunajuaje kama anashiba? Mnakijua kile kibanio tunachokubana kidoleni hospitalini, chenye taa nyekundu. Kile kinasoma oksijeni kwa kufuata mapigo ya damu. Mashine ya moyo na mapafu mara nyingi inasukuma damu mfululizo, bila mapigo. Mapigo yakikosekana, kibanio hakina cha kufuata. Kwa hiyo saa ile ambayo ungependa sana kujua hali ya oksijeni, ndiyo saa ambayo kile kibanio kinanyamaza. Tena hata kikisema, kinasema habari za kidole. Mimi nataka za kichwani.

Toeni simu zenu. Ndiyo, toeni, leo mnaruhusiwa. Washeni tochi, kisha wekeni kidole juu ya taa. Mnaona nini? Wekundu. Taa ni nyeupe, lakini kilichopenya nyama na kufika machoni mwenu ni wekundu. Rangi nyingine zimemezwa njiani. Na upo mwanga mwingine, uko nje kidogo ya wekundu, jicho la binadamu haliuoni, ambao unapenya zaidi ya huo. Unapenya ngozi, unapenya hata fuvu.

Aliyetuonesha hilo ni mwanasayansi Frans Jöbsis, wa Chuo Kikuu cha Duke. Mwenyewe amesimulia kwamba alikuwa nyumbani na mwanawe, wana mfupa mwembamba wa nyama mezani, akauinua kwenye mwanga akaona wekundu unapita. Akajiuliza: kama wekundu unapita kwenye mfupa, ule mwanga wa nje ya wekundu si utapita zaidi? Mwaka 1977 alichapisha matokeo yake katika jarida la Science. Damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa oksijeni zinaumeza mwanga huo kwa viwango tofauti. Ukipeleka mwanga ndani na kupima unaorudi, unaweza kukadiria oksijeni iliyobaki, bila kutoboa mtu.

Ndicho kifaa ninachokizungumzia. Kwa macho hakina ajabu yoyote: plasta mbili zinabandikwa kwenye paji la uso, moja kushoto, moja kulia, waya zinakwenda kwenye skrini, na skrini inatoa namba mbili. Kwa watu wengi namba ya kuanzia iko kwenye sitini hadi sabini na tano hivi. Msishtuke, si kama ile ya kidoleni inayotakiwa kuwa tisini na kitu. Hii inasoma zaidi damu ya mishipa inayorudi, yaani kilichosalia baada ya ubongo kula. Namba ikishuka kwa moja ya tano kutoka ilipoanzia, au ikianguka chini ya hamsini, daktari wa usingizi anajua pana jambo.

Na hapa niseme neno kwa ajili yetu sisi wenye ngozi nyeusi. Rangi ya ngozi nayo inameza mwanga. Tunajua hata kibanio cha kidoleni kina tatizo hilo: mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichika, yaani kibanio kinasema uko sawa na damu yenyewe inakataa, ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Vifaa vya kichwani navyo vimeonekana kutoa namba za chini kwa watu weusi. Ndiyo maana muuguzi mzuri hashiki namba iliyoandikwa kitabuni. Anabandika plasta kabla mgonjwa hajalala, anaandika namba yake mwenyewe ya kuanzia, halafu anamlinganisha mgonjwa na nafsi yake.

Niwape kisa. Kabla sijahamia chumba cha wagonjwa mahututi nilifanya kazi chumba cha upasuaji. Siku moja tulikuwa na mama mmoja mtu mzima, namba zake zilianzia 66 kushoto na 65 kulia. Amelazwa, daktari wa usingizi amemwekea mpira wa shingoni, tumemfunika mashuka ya kijani. Kifua bado hakijafunguliwa. Kushoto ikaanza kuteremka. 60. 55. 48. Kulia imetulia tuli. Presha nzuri. Kidoleni 99. Kila kitu ukutani kinasema salama, isipokuwa namba moja.

Daktari hakuongeza dawa hata moja. Aliinama, akapitisha mkono chini ya mashuka, akapapasa shingo. Kichwa kilikuwa kimegeuzwa kulia wakati wa kuweka mpira, na hakuna aliyekirudisha. Akakinyoosha. Tukasimama tunatazama skrini kama watu wanaosubiri penalti. 52. 59. 64. Dawa yake ilikuwa kunyoosha kichwa, basi.

Na mara nyingi ndivyo ilivyo. Namba ikishuka, kuna mahali pa kupita: kichwa kimekaaje, bomba la mashine limekaa panapotakiwa, presha iko wapi, damu imekuwa nyepesi mno? Maana mashine inajazwa maji kabla ya kuanza, na maji hayo yanaifanya damu ya mgonjwa kuwa nyepesi. Je, mgonjwa anapumulishwa haraka mno? Hili huwashangaza wengi. Hewa ya ukaa tunayoitoa ina kazi yake: ikipungua mno, mishipa ya ubongo inajibana na damu inapungua kichwani, hata kama oksijeni imejaa tele. Na je, mgonjwa aliyepozwa anapashwa joto kwa haraka? Ubongo unaopata joto unadai chakula kabla jiko halijawa tayari.

Sasa, wazee wangu, mpaka hapa nimekisifia kifaa. Mnaweza kutoka hapa mkasema, "Basi, tukipasuliwa tudai plasta za kichwani, hatutachanganyikiwa." Hapana. Sikusema hivyo, na mtu akiwauzia maneno hayo mkatalieni.

Mwaka 2007 nchini Kanada walichukua wagonjwa 200 wa kupandikizwa mishipa ya moyo. Mia moja, timu iliona namba ikazifanyia kazi. Mia moja, namba zilirekodiwa lakini skrini ikafichwa. Katika kundi la kwanza, walioumia vibaya viungo vikubwa au kufa walikuwa 3. Katika la pili, 11. Inatia moyo. Lakini je, kuchanganyikiwa akili kulipungua? Mwaka 2018 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 15 ya kifaa hiki, ya upasuaji wa aina mbalimbali. Walipofika kwenye swali la kuchanganyikiwa baada ya upasuaji, jibu lao lilikuwa kwamba ushahidi ni dhaifu, haumruhusu mtu kudai kinga.

Kwa nini? Kuna utafiti mmoja wa Ujerumani wa mwaka 2011 ambao naupenda kwa sababu unajibu kwa upande. Wagonjwa 231 wa upasuaji wa moyo. Waliokuja kuchanganyikiwa walikuwa na namba za chini kabla hata ya kupasuliwa. Kabla! Maana yake namba hiyo haisemi tu kilichotokea mezani. Inasema pia huyu mtu ameingia na nini: mishipa iliyochoka, damu pungufu, moyo uliokuwa hausukumi vizuri kwa miaka. Huwezi kuifuta miaka kumi ya kisukari kwa kunyoosha kichwa.

Nyumbani kwenu mna mita ya LUKU. Uniti zikiisha inapiga kelele. Je, mita imewahi kukununulia umeme? Inapiga kelele, na asipoinuka mtu, mnalala giza. Kifaa cha kichwani ndivyo kilivyo. Nimeshaona chumba chenye skrini ya bei kubwa na namba inashuka, kila mtu ana kazi yake, hakuna aliyeitazama kwa muda. Chumba hicho kina kifaa. Lakini nani anauangalia ubongo?

Nije kwenye kuchanganyikiwa kwenyewe. Hospitalini tunakuita deliriamu. Mtu aliyekuwa na akili zake timamu Jumatatu, Jumatano hajui alipo. Kunaanza ghafla, mara nyingi ndani ya siku tatu za mwanzo, na kunapanda na kushuka: asubuhi mzima, jioni hayupo. Si wazimu. Si ile hali ya kusahau ya uzeeni inayokuja taratibu kwa miaka. Na nasema kwa heshima zote kwa imani za kila mmoja hapa: si majini, na hakurogwa na mke mdogo. Ni ubongo uliozidiwa.

Kuna sura mbili, na moja inatudanganya.

Sura ya kwanza mnaijua hata kama hamjui jina lake. Tulikuwa na mzee, mfanyakazi wa zamani wa reli. Upasuaji wake ulikwenda vizuri mno, namba za kichwani hazikutikisika tangu mwanzo hadi mwisho. Usiku wa pili, kila mashine ikilia "pii", yeye anasikia treni. Anataka kushuka kitandani akasimamishe. Anatuuliza kwa ukali, "Nani kairuhusu hii itoke Kilosa?" Amevuta mpira wa mkononi, shuka lote damu. Muuguzi kijana akataka afungwe mikono. Nikamwambia subiri. Nikakaa, nikamwambia, "Mzee, treni imesimama. Mimi niko zamu." Akanitazama muda mrefu, akasema, "Basi andika saa." Nikachukua kalamu, nikaandika saa. Akalala kama nusu saa, kisha tukaanza tena.

Namba zake zilikuwa nzuri, na bado alichanganyikiwa. Mkumbuke hilo.

Kumfunga mtu mikono kunamwongezea hofu, na hofu inamwongezea kuchanganyikiwa. Tulichofanya ni kutafuta sababu. Maumivu? Mkojo umeziba? Choo? Oksijeni? Chumvi za damu? Homa? Amelala lini mara ya mwisho? Yule mzee alikuwa na maumivu ya kifua ambayo hakuyasema, maana wanaume wa rika lake hawasemi.

Sura ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi mimi. Ni mgonjwa aliyenyamaza. Halii, hasumbui, hang'oi mipira. Amelala, macho nusu. Ukimsemesha anajibu neno moja. Wauguzi tuna wagonjwa wengi, huyu tunampenda, hana matatizo. Ndugu wanakuja saa ya kuwaona wagonjwa, wanasema, "Mama anapumzika, tusimsumbue." Hapumziki! Anazama. Aina hii ni ya kawaida sana kwa wazee, na ndiyo inayopita bila kuonwa na mtu.

Bibi mmoja wa Lushoto tulikuwa naye hivyo. Katika taarifa ya kukabidhiana zamu aliandikwa "ametulia". Siku ya tatu alianza kunong'ona maneno tusiyoyaelewa, na mwenzangu akaandika "anapayuka". Jioni akaja mjukuu wake, msichana wa kidato cha pili ambaye kwa kanuni za wodi hakutakiwa hata kuingia. Akainamisha sikio. Akasema, "Bibi anaongea Kisambaa. Anauliza mbuzi wamekunywa maji." Akamjibu kwa Kisambaa kwamba wamekunywa. Bibi akafungua macho yote mawili, mara ya kwanza tangu tumpokee wodini. Alikuwa bado amechanganyikiwa, mbuzi hawakuwapo. Lakini mlango ulikuwapo, na ufunguo alikuwa nao yule mtoto. Miwani ya bibi, kumbe, ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba alikwenda nao mwanawe nyumbani "usije ukaibiwa".

Mtauliza, si kunapita? Kwa wengi kunapita, naam. Lakini si bure. Mwaka 2012 huko Marekani walifuatilia wagonjwa 225 wa upasuaji wa moyo, wote miaka sitini na kuendelea. Waliochanganyikiwa walikuwa 103, yaani asilimia 46, karibu nusu. Miezi sita baadaye, kati ya waliochanganyikiwa, asilimia 40 walikuwa hawajarudi kwenye uwezo wao wa akili wa awali. Kwa ambao hawakuchanganyikiwa, asilimia 24. Kufikia mwaka mmoja pengo lilikuwa limepungua. Kwa hiyo baba akirudi nyumbani na miezi miwili baadaye anashindwa kuhesabu chenji dukani, msimcheke na msimnyang'anye kadi ya benki kwa ubabe. Mwambieni daktari, mpeni muda.

Namna ya kutambua iko mikononi mwenu. Mwaka 1990 daktari Sharon Inouye na wenzake walitoa kipimo kinachotumika hadi leo dunia nzima, na mwaka 2001 kikatengenezewa toleo la wagonjwa mahututi wasioweza hata kusema. Tunaangalia kama mabadiliko yamekuja ghafla na yanapanda na kushuka, kama mtu anashindwa kushika jambo akilini, na juu ya hayo mawili, kama mawazo yamevurugika au uamkaji wake si wa kawaida. Hilo la kushika jambo ndilo kiini. Tujaribu wote pamoja. Tajeni siku za juma kwa kurudi nyuma, kuanzia Jumapili. Haya! Jumapili, Jumamosi, Ijumaa, Alhamisi, Jumatano... Nasikia wengine mmekwama Alhamisi, msijali, ni joto la ukumbi. Mjaribuni mzazi wenu kabla ya upasuaji, mjue uwezo wake. Mjaribuni tena baada. Kama juzi alizitaja zote na leo anaanza, anasimama, anatazama dirishani, mwiteni muuguzi. Semeni hivi: "Huyu si baba yetu wa kawaida." Mimi nikisikia sentensi hiyo kutoka kwa ndugu, naiacha chai yangu.

Dawa ya kuzuia? Wengi wanaitafuta. Jaribio kubwa lililotoka mwaka 2020 lilijaribu dawa moja ya kutuliza kwa wagonjwa wa upasuaji wa moyo, na haikupunguza kuchanganyikiwa. Tupite.

Kilichoonesha matunda kinawahusu nyinyi. Inouye huyo huyo, mwaka 1999, alichapisha utafiti wa wagonjwa 852 wa miaka sabini na zaidi. Hawa hawakuwa wa upasuaji, walikuwa wa wodi ya kawaida. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Jingine lilipata nini? Kukumbushwa leo ni siku gani na wako wapi. Kutembezwa mapema. Miwani yao. Vifaa vyao vya kusikia. Maji ya kunywa. Kuachwa walale usiku bila kuamshwaamshwa. Basi! Waliochanganyikiwa katika huduma ya kawaida walikuwa asilimia 15, katika kundi hili asilimia 9.9. Hakuna kiwanda kinachotengeneza hicho kitu. Nani atakitangaza?

Kwa hiyo nina ugomvi mdogo na wodi zetu, na naomba wauguzi wenzangu mnivumilie. Saa ya kuwaona wagonjwa ni fupi mno kwa mzee aliyepasuliwa moyo. Naelewa maambukizi, naelewa msongamano, nimefanya kazi humo. Lakini ndugu mmoja, aliyenawa mikono, anayekaa kimya kando ya kitanda na kusema "Baba, ni mimi, leo ni Jumanne, uko hospitali, umeshapasuliwa", huyo si mgeni. Huyo ni sehemu ya tiba. Hospitali zinazokubali jambo hili zipo, na zisizokubali, ombeni kwa adabu, ombeni tena.

Na nyinyi mnaoleta vitu. Leteni miwani, imeandikwa jina kwa plasta. Leteni meno ya bandia. Leteni redio ndogo kama baba hulala na taarifa ya habari. Msilete Piriton. Narudia, msilete Piriton. Najua nyumba nyingi mzee akikosa usingizi anapewa kidonge kile cha njano. Dawa za mzio za kizamani kama hiyo, na Valium na jamaa zake, zinavuruga ubongo wa mzee hasa akiwa mgonjwa. Lakini kama ameitumia Valium kwa miaka, msimkatize kimyakimya pia, maana kukatizwa ghafla nako kunaleta kuchanganyikiwa. Mwambieni daktari ukweli. Na pombe hivyo hivyo. Mzee anayepata chupa zake kila jioni akifika kwetu anasema "huwa nagusa tu sikukuu", halafu usiku wa tatu anaona nyoka ukutani, na sisi tunazunguka kutafuta sababu ambayo mkewe anaijua tangu wameoana.

Kabla ya kuweka saini ile fomu ya ridhaa, muulizeni daktari wa usingizi. Mna haki ya kumuuliza, naye anapenda kuulizwa, amini msiamini. Muulizeni: damu ya mama inatosha, au itibiwe kwanza? Mtaufuatiliaje ubongo wake wakati moyo umesimama? Kama mna kifaa cha kichwani, namba ikishuka nani anaitazama na atafanya nini? Kama hamna, mtailindaje presha yake? Asikuoneeni aibu akisema hawana. Zipo hospitali nzuri zisizonacho na timu yao iko macho, na nimewaeleza kuhusu skrini ya bei kubwa isiyo na mtu. Halafu muulizeni la mwisho: akiamka amechanganyikiwa, mtatupigia simu saa ngapi? Jibu zuri ni "saa yoyote".

Mwenyekiti ananionesha saa. Tuingie kwenye maswali, na tuanze na mzee yule wa kofia pale nyuma, maana mkono wake uko juu tangu nilipoitaja Piriton.